Aina 243 za Majivu

Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle ni mtu wa kuandika vijitabu. Katika The Sign of Four, riwaya ya mwaka 1890, anamweleza Watson kwamba amechapisha kimoja kinachochambua majivu ya aina 140 za tumbaku, pamoja na picha za rangi. Hakuna msomaji aliyewahi kukishika kijitabu hicho. Doyle alikitaja, akapita.

BBC ilipomleta Holmes katika London ya leo, kwa tamthilia ya Sherlock iliyoanza kurushwa Julai 2010, kijitabu kikawa tovuti. Watson anamwambia kwamba ameorodhesha aina 240 za majivu huko na hakuna mtu anayesoma. Baadaye Holmes, ambaye neno hilo limemchoma, anasahihisha: ni 243. Safari hii lakini mtazamaji alikuwa na pa kwenda. Aliyeandika thescienceofdeduction.co.uk kwenye kivinjari chake aliikuta tovuti yenyewe, inafunguka, imeandikwa na Holmes. Jina lake ni la sura ya pili ya A Study in Scarlet ya mwaka 1887, sura ambayo Watson anasoma makala ya gazeti na kuibeza, kabla ya kuambiwa kwamba mwandishi wa makala ameketi mbele yake. Makala ya 1887 ndiyo iliyogeuzwa tovuti ya 2010. Aliyefanya mageuzi hayo aliisoma riwaya kwa makini, akajua nini kingebaki na nini kingebadilika.

Tovuti za namna hii, zinazotajwa ndani ya tamthilia kisha zikawekwa mtandaoni kweli, wengi huzihesabu kuwa matangazo. Mimi naziweka kwenye uandishi, tena uandishi mgumu. Mwandishi wa mazungumzo ya tamthilia ana mwigizaji wa kumsaidia: sentensi dhaifu inaweza kuokolewa na jicho, na sauti, na kinanda kinachopigwa kwa mbali. Ukurasa wa wavuti hauna msaada huo. Yapo maneno, yapo mapambo aliyoyachagua mwenye ukurasa, na yapo makosa ambayo mwenyewe hakuyaona. Kwa hayo tu msomaji lazima amfahamu mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Kazi ya Sherlock alipewa Joseph Lidster, ambaye tayari alikuwa ameandikia tamthilia za Torchwood na The Sarah Jane Adventures. Aliandika tovuti ya Holmes, blogu ya Watson, shajara ya Molly Hooper na ukurasa wa Connie Prince, mtangazaji wa televisheni anayeuawa mwishoni mwa msimu wa kwanza. Wenye kurasa ni wanne, na hakuna sentensi ya mmoja inayoweza kuhamishiwa kwa mwingine. Holmes ni mkavu, anawajibu wanaomwandikia kwa maneno machache na hana subira na mjinga. Molly, mfanyakazi wa chumba cha maiti katika hospitali ya Barts, ana ukurasa wa rangi ya waridi wenye paka, na humo anamsimulia kijana mpya aliyekutana naye kazini, Jim. Mtazamaji wa The Great Game, kipindi cha mwisho cha msimu huo, anajua Jim ni nani. Akirudi kwenye shajara ile baada ya kipindi, kila neno la furaha la Molly linamtia baridi.

Katika kipindi hichohicho tovuti ya Holmes inashika usukani wa hadithi. Mlipuaji amewavisha watu mabomu na kumpa Holmes saa zinazohesabika kutegua kila fumbo. Mara nyingi Holmes akishapata jibu, hapigi simu kwa mtu: analiandika kwenye tovuti yake, ili aliyevishwa bomu aachiliwe. Mwishoni anatumia ukurasa uleule kumwita adui yake kwenye bwawa la kuogelea usiku wa manane. Ile tovuti iliyosemwa kwamba haisomwi ilikuwa na msomaji mmoja mwaminifu siku zote, naye ni Moriarty, yule Jim wa Molly.

Marekani wana mfano ninaoupenda zaidi kwa uchungu wake. Katika Breaking Bad, kwenye kipindi kilichorushwa Mei 2009, Walter White Mdogo anamtengenezea baba yake tovuti, savewalterwhite.com, ya kuomba michango ya matibabu ya saratani ya mapafu. Baba, mwalimu wa kemia mjini Albuquerque, pesa anazo, ila amezipata kwa kupika dawa za kulevya na hawezi kuzieleza nyumbani. Wakili wake Saul Goodman anaona njia: pesa zikatwekatwe, ziingie kupitia tovuti ya mtoto kama michango midogo ya watu wema wasiokuwepo. Kila mchango unapoingia kompyuta inalia, familia inashangilia, na Walter anakaa palepale akisikia wageni wakishukuriwa kwa ukarimu wao ilhali pesa ni zake mwenyewe.

Kituo cha AMC kiliiweka tovuti hiyo mtandaoni. Tazama ilivyotengenezwa. Wabuni wa kituo kikubwa cha televisheni wanajua kupanga ukurasa; hapa walitakiwa waupange kama mvulana wa shule anayejifunza, anayempenda baba yake na kudhani kwamba herufi zikiwa kubwa zaidi watu watahurumia zaidi. Wakausahau ujuzi wao. Mtoto anajitambulisha, anamsifu baba, anaweka picha, anaomba. Msomaji wa kwetu aliyewahi kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp la michango ya matibabu ataijua sauti ile mara moja, jinsi inavyoona haya na bado inaomba. Na aliyebonyeza kitufe cha kuchangia alifikishwa kwenye shirika la kweli linaloshughulika na saratani. Uamuzi huo nauheshimu sana: huruma iliyoamshwa na uongo wa hadithi haikuachwa ipotee.

Anwani yenyewe nayo ina kazi yake. Simu za kubuni huko Marekani zimetengewa namba, kuanzia 555-0100 hadi 555-0199, ili mtazamaji asije akampigia mama wa watu. Kwa upande wa intaneti, wahandisi walitenga mwaka 1999 majina machache kama example.com, yatumike kwenye mifano. Jina hilo ni salama, lakini mhusika akilitamka hadithi inakufa papo hapo. Kwa hiyo jina la kubuni lenye uhai hununuliwa. Desemba 2006 mtangazaji Conan O'Brien alitaja kwa mzaha, bila kupanga, anwani ya tovuti ya nguva isiyokuwepo. Kituo chake, NBC, kikihofia mtu mwingine asije akaichukua na kuijaza machafu, kililipa dola 159 kuimiliki kwa miaka 10. Tamthilia ya vichekesho ya The Office ilikwepa gharama kwa werevu: Ryan anampa mzee Creed anwani ya blogu yenye .gov katikati na www mara mbili, ambayo haiwezi kufika popote, na "blogu" ni waraka wa kawaida kwenye kompyuta. Mwenzake huyo anaandika kwa furaha mawazo ambayo ulimwengu umekingwa nayo.

Doctor Who ilipofufuliwa mwaka 2005, BBC ilifungua tovuti ya Clive, mtu ambaye Rose Tyler anampata mtandaoni alipokuwa akimtafuta Daktari. Ikafungua pia tovuti ya jeshi la kubuni la UNIT. Ndani ya tamthilia Mickey, mpenzi wa Rose, anaingia humo kwa nywila "buffalo". Nyumbani mtoto aliyejaribu neno hilohilo kwenye tovuti alifunguliwa. Sijui zawadi gani ya televisheni inaishinda hiyo kwa mtoto wa miaka kumi.

Kazi hizi zinapotea haraka. Jina la tovuti lisipolipiwa huchukuliwa na mwingine, na kurasa nyingi za enzi hizo zilijengwa kwa Flash, programu ambayo Adobe iliacha kuihudumia mwisho wa mwaka 2020. Kinachobaki mara nyingi ni nakala zilizookolewa na Internet Archive, zenye picha pungufu na vitufe vilivyokufa. Kipindi chenyewe kinauzwa upya kila mwaka. Ukurasa ulioandikwa kwa ajili yake unaachwa ufe, na jina la mwandishi wake halijulikani na wengi.

Ndiyo maana narudi kwenye blogu ya Watson, maana hapo ufundi huu ulifika mbali kuliko nijuavyo kwingine. Inaanza na daktari aliyerudi kutoka vitani Afghanistan, ambaye ametakiwa na mshauri wake wa kisaikolojia aandike kila linalomtokea, na halimtokei neno. Sentensi ni fupi, hazina nguvu. Kisha anakutana na Holmes, na ukimfuata wiki hadi wiki unaona mkono ukichangamka, mtu akigundua kwamba ana la kusimulia. Chini ya kila habari kuna maoni, nayo yote ameyatunga Lidster: dada yake Harry, Mike Stamford, Bi. Hudson, Holmes mwenyewe akisahihisha. Yumo pia Bill Murray, rafiki wa jeshini. Katika Doyle, Murray ni msaidizi aliyemwokoa Watson aliyejeruhiwa katika vita vya Maiwand kwa kumpakia juu ya farasi wa mizigo. Anatajwa mara moja, mwaka 1887. Kwenye blogu amepata jina la kwanza na nafasi ya kumtania mgonjwa wake.

Kihesabu cha wageni wa blogu kimekwama kwenye 1895, na Watson analalamika juu yake katika kipindi cha A Scandal in Belgravia. Wapenzi wa Holmes wanaitambua namba hiyo kuwa ni mwaka, kutokana na shairi la Vincent Starrett la 1942. Kwa wengine ni mashine mbovu tu, na hakuna anayekosa kuielewa hadithi kwa kutojua.

Mwaka 1893, katika The Musgrave Ritual, Holmes anataja kesi ya gongo la alumini. Doyle hakuisimulia kamwe. Imesimuliwa kwenye blogu ya Watson, baada ya zaidi ya karne moja. Kesi nyingine humo inaitwa The Six Thatchers, iliyochipua kutoka kwa sanamu sita za Napoleon za Doyle za mwaka 1904. Tarehe 1 Januari 2017 BBC ilirusha kipindi kilichoandikwa na Mark Gatiss chenye jina hilohilo. Visa hivyo viwili ni tofauti, na cha blogu ndicho kilichotangulia.