Kalamu ya Risasi Nyuma ya Sikio

Aghalabu fundi wa umeme hutambuliwa kwa bisibisi na koleo, lakini yule mzee niliyemkuta akifunga nyaya katika nyumba moja ya Ngamiani, Tanga, alikuwa na ala aliyoithamini kuliko zote hizo, nayo ni kipande cha kalamu ya risasi alichokichomeka nyuma ya sikio, ambacho kabla ya kukata hata shibiri moja ya waya alikichomoa, akaugeukia ukuta uliokuwa haujapakwa rangi, akaanza kuandika juu yake hisabu ya kila chombo ambacho mwenye nyumba alikusudia kukitumia.

Mwenye nyumba, kijana mwenye haraka zake, alimwambia, "Mzee wangu, si ufunge tu? Waya ni waya."

"Mwanangu," akajibu mzee pasi na kumtazama, "birika lako lina wati ngapi?"

Kijana hakujua. Likaletwa birika, likapinduliwa, ikasomwa bati ya chini yake: wati 2000. Mzee akazigawanya kwa volti 230, akapata ampea 8.7, kisha akazigawanya zile volti kwa ampea hizo, ukapatikana ukinzani wa omu 26 na ushei. Pasi ya wati 1000 ikaongeza ampea 4.3 na kitu. Akapiga mstari, akajumlisha, na fyuzi ya ampea 13 ilikuwa imekwisha kufika ukomo wake, ilhali jokofu lilikuwa bado halijatajwa.

Hapo ndipo nilipoona tofauti ya mjuzi na mbabaishaji, maana mzee hakutosheka na vyombo, bali aliuhesabia na waya wenyewe, ambao wengi huudhania kuwa ni njia tu ya kupitia umeme. Jiko lilikuwa uani, mita 30 kutoka kwenye mita ya umeme ya LUKU. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 60 za shaba, na shaba nyembamba ya milimita moja ya mraba kwa urefu huo haikosi ukinzani wa omu moja. Zidisha ampea kwa ampea, kisha kwa ukinzani huo, utaona kwamba wati zipatazo 80 zitakuwa zikigeuka joto ndani ya ukuta kila birika linapochemsha, hali ya kuwa waya wa milimita mbili na nusu ungezipunguza hata zikabaki 30 na kitu. Kijana alinyamaza, akaenda kununua waya mnene. Wapo watakaosema huo ni wasiwasi wa uzee. Mimi nauona ni adabu kwa watu watakaolala ndani ya nyumba ile.

Na hisabu hizi zina siri zake, ambazo kipimo peke yake hakimwonyeshi mtu. Chukua globu ya zamani ya wati 60, uipime ukinzani wake ikiwa baridi: kipimo kitakuonyesha omu zisizofika 100, nawe ukifuata tarakimu hiyo utadhani globu itakula umeme mwingi mno kuliko wati zake 60. Washa, na utambi wake wa tangsteni ukishapata moto wa nyuzi zaidi ya 2000, ukinzani hupanda hata omu 880 hivi, ndizo zinazowafikiana na wati 60. Ndiyo sababu aghalabu globu kuukuu haifi katikati ya usiku ikiwaka, bali hufa pale pale kidole kinapobonyeza swichi, kwa ule mkupuo wa kwanza. Na magharibi, kila nyumba inapowasha na volti zikashuka hata 180, lile birika la wati 2000 hubakiwa na wati 1225 tu, chai ikachelewa, na birika lisilo na hatia likalaumiwa.

Hisabu hiyo ya volti, ampea na omu tuionayo nyepesi ilimgharimu mtu sehemu kubwa ya umri wake. Georg Simon Ohm wa Erlangen, Ujerumani, mwana wa fundi wa kufuli, alikuwa mwalimu wa skuli huko Köln. Na kwa kuwa betri za siku zile hazikuwa na utulivu, aliunganisha shaba na bismathi, akautia mwisho mmoja katika maji yanayochemka na wa pili katika barafu, akapata umeme haba lakini usioyumba, ndipo akaweza kupima waya baada ya waya. Kitabu chake cha mwaka 1827 wenziwe walikipokea kwa ubaridi, akaiacha kazi yake ya Köln, na hata Royal Society ya London ilipomtunuku nishani ya Copley ilikuwa ni mwaka 1841. Mwaka uo huo Mwingereza James Joule alichapisha habari za joto la waya: mkondo wa umeme ukiwa maradufu, joto huwa mara nne.

Leo kila kijana ana kikokotozi ndani ya simu yake, na hapana anayekokotoa. Soketi ya matundu sita huning'inizwa kwenye waya mwembamba kama uzi. Fyuzi ikiungua hutiwa unyuzi wa waya au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Madukani huuzwa aluminiamu iliyopakwa shaba juu juu, yenye ukinzani uzidio wa shaba safi, na mnunuzi hutazama bei. Nyumba ikiteketea husemwa ni shoti, neno linalomfariji kila mtu kwa kuwa halimtaji yeyote, hata pale ambapo hapakuwa na shoti ila waya uliotwishwa ampea usizozimudu, ukachemka miezi na miezi ndani ya plasta bila ya mtu kujua. Majirani hutoa rambirambi, fundi mwingine huitwa, naye huja na koleo lake na bisibisi yake, akauliza soketi ziwe ngapi na rangi gani.