Oksijeni kwa mgonjwa wa moyo: saa ngapi zinatosha?

Ukimkuta ndugu yako wodini amevishwa barakoa ya oksijeni, roho inatulia. Anahudumiwa. Ndiyo maana utafiti wa DETO2X wa Uswidi, uliotoka mwaka 2017, uliwashtua wengi.

Wagonjwa walikuwa 6,629, wote wakishukiwa kupata shambulio la moyo, na wengi walizibuliwa mishipa. Kila mmoja alikuwa na kiwango cha oksijeni cha asilimia 90 au zaidi. Nusu wakapewa lita 6 kwa dakika, kwa saa 6 hadi 12. Wengine wakavuta hewa hii hii tunayovuta wewe na mimi. Baada ya mwaka, asilimia 5.0 ya waliovaa barakoa walikuwa wamefariki, na 5.1 ya wasiovaa. Yaani tofauti hamna.

Wapo wanaolalamika kwamba hapakuwa na barakoa ya uongo, kila mtu alijua anapewa nini. Hilo halinisumbui sana. Kifo hakidanganywi na barakoa. Na piga hesabu: lita 6 kwa saa 12 ni lita 4,320, zaidi ya nusu ya mtungi mkubwa wa lita 6,800. Kwa hospitali yenye mitungi ya kuhesabu, hilo si jambo dogo.

Shida yangu ni jinsi unavyonukuliwa. "Oksijeni haisaidii moyo." Hapana! Aliyekuwa chini ya 90 hakuingizwa kabisa. Halafu saa 6 hazikushindanishwa na saa 12, kwa hiyo kama baba yako ametoka kuwekewa stenti akiwa na 86, utafiti huu haukuambii avuliwe saa ngapi. Hapo anayeamua ni kipimo, si saa ya ukutani.

Sasa hicho kipimo chenyewe, kile kidude cha kubana kidoleni. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walilinganisha namba zake na damu ya ateri. Kidude kiliposema 92 hadi 96, damu ilikuwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na 3.6 vya weupe. Ngozi nyeusi inakidanganya. Mpaka wa 90 uliotumika Uswidi, ukiusoma kwenye kidole cheusi, unaweza kuwa 87.

Basi mama yako akisoma 91 na daktari akaagiza damu ya ateri kabla ya kuvua barakoa, usimwone anapoteza muda.