Jazz ya Upande wa Pili

Baba mkubwa ana sanduku la santuri ndogo nyumbani kwetu Lumino, na nyingi zimeandikwa neno moja: Jazz. Shirati Jazz, Victoria Jazz, Morogoro Jazz. Nilipokuwa mwaka wa kwanza, mwenzangu mmoja alisema bendi hizo zilijipachika jina tu; hiyo ni benga na dansi, si jazz. Nilicheka pamoja naye, na kicheko hicho kimenisumbua tangu hapo. Likizo iliyopita nilirudi nyumbani nikiwa na Kind of Blue ya Miles Davis, albamu ya mwaka 1959, ndani ya simu, pamoja na spika ndogo.

Tulianza na “So What” tukipukuchua mahindi. Besi ya Paul Chambers inatamka kifungu, ala nyingine zinajibu kwa mapigo mawili. Inatamka tena, zinajibu tena. Baba mkubwa alisikiliza kidogo akasema, “Huyu anasimulia, wenzake wanaitikia.” Nilikuwa nimeusikiliza wimbo huo mara nyingi peke yangu, nikitafuta ufundi wa tarumbeta, wala sikuwahi kuusikia hivyo. Baada ya dakika tano hivi akauliza, “Mwimbaji anaingia lini?”

Jioni akaweka Shirati Jazz. Santuri hizi hubeba dakika chache tu kila upande, kwa hiyo wimbo mrefu hukatwa katikati. Upande wa kwanza D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati nchini Tanzania, anaimba kwa Kijaluo na gitaa linaifuata kila sentensi yake, kama mtu anayekurudishia maneno yako kuhakikisha amekuelewa. Kisha kimya. Mkono wa baba mkubwa unageuza santuri. Hapo ndipo mama, aliyekulia upande wa Kenya, hutueleza Misiani anamsema nani. Si swali dogo, maana mwimbaji huyu aliwahi kukamatwa kwa ajili ya nyimbo zake. Upande wa pili maneno yanapungua, magitaa yanakimbia, na asiyejua Kijaluo naye ana la kushika.

Mwenzangu ana haki kwa kiasi fulani. Miles na wenzake wanabuni papo kwa papo na kwenda mbali na walipoanzia. Gitaa la benga hurudia kifungu kile kile, na zipo santuri mbili sandukuni ambazo bado siwezi kuzitofautisha. Ila anakosea kuhusu jina. OK Jazz ilianzishwa Léopoldville mwaka 1956, na huku kwetu “jazz” ikawa na maana ya bendi ya magitaa ya kuchezesha watu. Neno lilihama likapata kazi mpya. “Shule” tumeitoa kwa Wajerumani, na sijasikia mtu akituambia kwamba tunakosoma si shule.

Kinachozikutanisha albamu hizi masikioni mwangu ni yule anayesema na yule anayejibu. Kwa Miles wote wawili wako ndani ya bendi. Kwa Misiani, nyumbani kwetu, anayejibu alikuwa pia mama, katika kile kimya cha kugeuza.

Kind of Blue ilipokwisha, baba mkubwa aliuliza kama ina upande wa pili. Nikamwambia umeshapita, kwenye simu haugeuzwi. Hakuridhika.