City of Heroes: Jiji Lililofungwa Lilivyofunguliwa Tena

Waliowahi kucheza City of Heroes wakikutana, mazungumzo huanzia kwenye mavazi. Mchezo huo wa mtandaoni, uliotoka Marekani Aprili 2004, ulimtaka kila mchezaji abuni shujaa wake kuanzia buti hadi barakoa kabla hajarusha ngumi hata moja, na wapo waliokesha wakishona na kufumua bila kufika mjini. Wakitoka hapo watakumbuka Atlas Park, mtaa wenye sanamu kubwa ya Atlas aliyebeba dunia, walikokuwa wakishindanisha mavazi hayo. Watakumbuka pia utaratibu uliomwezesha mkongwe kumpandisha rafiki yake mgeni hadi karibu na ngazi yake ili wapigane bega kwa bega. Michezo mingine ya wakati ule iliwatenganisha watu kwa ngazi zao.

Waliokuwa wasimamizi nao wana ya kwao. Novemba 2004 kampuni ya Marvel iliwashtaki watengenezaji, ikidai wachezaji wanaweza kuwaiga Hulk na Wolverine. Kesi iliisha kwa maelewano Desemba 2005, lakini kazi ya kuwasaka mashujaa walioigwa, kuwavua mavazi na kuwabadilisha majina ilibaki mikononi mwa wasimamizi. Wachezaji waliwanung'unikia. Leo pande zote mbili hulisimulia hilo huku zikicheka.

Safu hii ina swali la kiufundi: mchezo ambao mwenyewe aliuzima Novemba 30, 2012, ulirudi vipi hewani mwaka 2019, na kupata leseni halali mwaka 2024? Mashabiki waliokoa karibu kila kitu kwa juhudi zao wenyewe, isipokuwa kitu kimoja. Hicho kimoja ndicho kilichohitajika, na hakikupatikana kupitia mlango wa mbele.

Kilichozimwa hasa ni nini

Katika kibanda cha gemu cha Manzese au Kayole, PlayStation 2 ya zamani bado huchezesha mechi ya mpira vizuri tu, hata kama kampuni iliyoutengeneza mchezo huo imeshausahau. Picha zimo kwenye diski, na sheria zimo humo humo. Ukiwa na umeme, televisheni na pedi mbili, mechi ipo.

City of Heroes haikuundwa hivyo. Kompyuta ya mchezaji ilikuwa na picha, sauti, majengo na miondoko, vyote vimefungwa katika faili kubwa zilizoitwa pigg. Refa alikuwa mbali, kwenye seva. Ulipobonyeza kitufe cha kupiga, programu yako ilipeleka ombi tu. Seva ndiyo iliyopima umbali, ikapiga hesabu ya bahati, ikatazama kinga ya adui, ikaamua pigo limempata au limemkosa, kisha ikarudisha uamuzi. Kazi ya kompyuta yako ilikuwa kuonyesha moto na kutoa mlio.

Refa huyo hakuwa programu moja. AuthServer ilihakiki jina na nywila. DbServer ilitunza kumbukumbu za kila shujaa. MapServer ziliendesha mitaa ya jiji, kila ramani na nakala yake. Nyingine zilishughulikia mazungumzo, mnada na misheni zilizobuniwa na wachezaji wenyewe. Zilipozimwa zote, mchezaji alibaki na gigabaiti kadhaa za jiji zuri kwenye diski yake, na asiwe na njia ya kuingia.

Wiki 13 za kuweka akiba

NCsoft, kampuni ya Korea Kusini iliyomiliki mchezo, ilitangaza Agosti 31, 2012 kwamba inaifunga studio ya Paragon na mchezo wake. Kutoka tangazo hadi kuzimwa zilikuwa wiki 13. Wachezaji walikusanya saini zaidi ya 20,000 za kuomba mchezo uachwe. Mwezi Septemba mamia yao walijaa Atlas Park wakiwa wameshika mienge. Picha za mkusanyiko ule zilisambaa sana, na kwa wengi ndizo zinazowakilisha mwisho wa mchezo. Kazi iliyokuja kuzaa matunda haikuwa na cha kupigwa picha.

Kundi la mashabiki liitwalo Titan Network lilikuwa na programu ndogo, Sentinel, iliyosoma kumbukumbu za kompyuta wakati mchezo unaendelea na kuandika taarifa za shujaa kwenye faili la maandishi: jina, ngazi, uwezo wake, beji alizopata. Mchezo wenyewe uliruhusu kuhifadhi mavazi kama faili kwenye diski ya mchezaji. Kamusi elezo ya mashabiki ilikuwa imeshakusanya maelezo ya misheni na maadui kwa miaka. Na Mids' Hero Designer, zana ya kupangia uwezo wa shujaa, ilikuwa imebeba takwimu za maelfu ya mapigo.

Takwimu hizo zilitokana na upimaji. Wachezaji waliokuwa na subira ya kurekodi mapigo na kuyahesabu walijua kwamba nafasi ya kumpata adui wa ngazi yako ilianzia asilimia 75, na kwamba hata ujiimarishe vipi haizidi 95 wala haishuki chini ya 5. Baadaye watengenezaji waliruhusu namba nyingi zionekane ndani ya mchezo.

Baada ya mchezo kuzimwa, fundi mmoja wa Titan Network alitoa Icon, programu iliyoibadilisha ile ya mchezaji inapoanza ili iruke hatua ya kuomba ruhusa ya seva. Ghafla watu wakaweza tena kushona mavazi na kutembea mitaani, kila mtu peke yake, katika jiji lisilo na mtu. Mwaka 2015 ikafuata Paragon Chat. Hii ilitumia XMPP, itifaki ya wazi inayotumika kutuma ujumbe wa papo kwa papo, kubeba mazungumzo, mavazi na mahali mtu aliposimama. Wachezaji wakaonana tena, wakasalimiana, wakacheza dansi chini ya Atlas. Kupigana hakukuwepo. Adui mmoja tu angehitaji mtu wa kuamua kama amepigwa, na refa hakuwapo.

Mpaka hapo, picha zimeokolewa, watu wamekutana, hata kanuni za hesabu zinajulikana. Zilizokosekana ni tabia za maadui, mtiririko wa misheni, na utaratibu wa nani atokee wapi na kwa wakati gani. Mambo hayo yaliishi kwenye seva, na mtazamaji wa nje huona matokeo yake tu. Unaweza kutazama mechi elfu moja usijue refa alikuwa na nini kwenye daftari lake.

Njia tatu, na iliyofika

Njia ya kwanza ilikuwa kujenga mchezo mwingine kwa roho ileile. City of Titans ilichangisha zaidi ya dola 670,000 mwaka 2013 kupitia Kickstarter. Miaka 10 baadaye ilikuwa bado haijatoka ikiwa kamili. Mchezo wa aina hii hutaka studio yenye watu wa mshahara, na watu wa kujitolea usiku baada ya kazi hawatoshi.

Njia ya pili ni kuandika seva upya kwa kukisia kutoka nje. Mfano bora ni mradi wa SWGEmu, wa mashabiki wa Star Wars Galaxies, mchezo uliofungwa Desemba 2011. Wao walianza wakati mchezo ungali hai, wakanasa mawasiliano kati ya kompyuta zao na seva, na kila jibu wakaliandikia msimbo wao. Ni kazi halisi ya uhandisi, na iliwachukua zaidi ya miaka 10. Walioianza kazi hiyo kwa City of Heroes baada ya Novemba 2012 walikuwa na kikwazo cha ziada: hapakuwa tena na seva hai ya kuiuliza maswali.

Njia ya tatu ndiyo iliyofika. Aprili 2019 ilifichuka kwamba kundi dogo lililojiita SCoRE lilikuwa na msimbo chanzo wa seva, na kwamba kwa takriban miaka sita lilikuwa likiendesha mchezo kamili kwa siri, kwa wachezaji walioalikwa na kufungwa midomo. Wakati wengine wakicheza dansi kwenye jiji lisilo na adui, wachache walikuwa wakipigana kama kawaida. Walikuwa hata wameongeza aina mpya ya shujaa, iliyoitwa Sentinel kama ile programu ya Titan Network.

Hasira ilikuwa kubwa, na ilieleweka. Lakini tuupime uamuzi huo kama mafundi. Siri ililinda msimbo usifutwe kwa barua moja ya wakili, na iliwapa muda wa kurekebisha toleo ambalo lilikuwa kwenye majaribio studio ilipofungwa. Gharama yake ni kwamba kazi ya miaka sita ilitegemea wachache. Wangegombana au kuchoka, au diski ingeharibika, yote yangepotea na hakuna ambaye angejua kilichopotea. Akiba isiyojulikana ilipo ina hatari kama ya kutokuwepo.

Presha ilipozidi, msimbo ukaachiwa hadharani. Seva ya kwanza ya wazi ilifunguliwa, ikafurika, ikazimwa baada ya siku chache kwa hofu ya hatua za kisheria. Lakini nakala zilikuwa zimeshaenea. Ndani ya wiki chache makundi kadhaa yalikuwa na seva zao, na kubwa kuliko zote ikawa Homecoming. Miaka sita ya kukisia kutoka nje ilipitwa na siku chache za kuwa na msimbo mkononi.

Kwa nini haikuzimwa tena

Kupata msimbo kulifungua mlango, lakini hakukuwahakikishia kubaki. NCsoft ndiyo iliyokuwa na haki, na ingeweza kupeleka madai siku yoyote. Homecoming ilichagua kujiendesha kama mtu anayejua kuwa mwenye nyumba anamtazama. Mchezo haukuuzwa, wala hakukuwa na duka la vitu vya ndani. Kila mwezi waliweka hadharani gharama za seva, wakapokea michango mpaka kiasi kinachohitajika kitimie, kisha wakafunga mlango wa michango. Wakati huo huo walisema wazi kwamba wanazungumza na NCsoft.

Kiufundi hawakuridhika na kuwasha tu. Walitoa programu ya mchezaji ya biti 64 badala ya ile ya kale ya biti 32, wakaendelea kutoa matoleo yenye maudhui mapya, na kuhesabu kwao kukaanzia pale studio ilipoishia. Kwa kampuni, kundi la namna hiyo lina faida kuliko kesi, kwa kuwa linatunza jina la bidhaa bila kuidai senti. Januari 4, 2024 Homecoming ilitangaza kuwa NCsoft imewapa leseni ya kuendesha na kuendeleza mchezo, bila faida na kwa masharti.

Kwa hiyo wasifu wa kweli wa jambo hili una sehemu mbili zisizopendana. Uwazi ndio ulioleta leseni, lakini uwazi huo ulikuwa na cha kuendesha kwa sababu mtu fulani, mahali fulani, hakufuta msimbo aliotakiwa kutokuwa nao. Atakayesifu la kwanza na kulinyamazia la pili atawafundisha vibaya watakaofuata.

Sheria nayo imeanza kusogea, ila kwa hatua fupi. Marekani iliruhusu mwaka 2018, kwa masharti makali, maktaba na makumbusho kufufua michezo ya mtandaoni iliyoachwa, alimradi wawe wamepata msimbo wa seva kihalali. Masharti hayo yanagonga palepale: msimbo huo makampuni hayautoi. Ubisoft ilipouzima mchezo wa magari The Crew mwishoni mwa Machi 2024, wanunuzi wakabaki na diski zisizo na kazi, kampeni ya Stop Killing Games ikaibuka, na ombi lake kwa Umoja wa Ulaya likapita saini milioni moja mwaka 2025. Dai lao la msingi ni dogo: anayezima seva aache mchezo katika hali inayochezeka.

Wapo watakaosema haliwezekani, kwa kuwa seva za kampuni huwa na vipande vilivyokodiwa kwa wengine. Hoja hiyo ina uzito mchezo ukiwa umeshatengenezwa. Haina uzito siku ya kwanza ya usanifu, pale ambapo kutenga refa na vipande vya kukodi ni uamuzi wa jioni moja. Vijana wanaotengeneza magemu Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wako kwenye siku hiyo ya kwanza sasa hivi. Wajiulize mapema nani atabaki na nakala ya msimbo wa seva kampuni ikifilisika, kwa mkataba gani, na kama fundi mmoja anaweza kuuwasha kwenye kompyuta moja bila kuwapigia simu. Wakikosa majibu, wachezaji wao watakuja kutegemea mtu mmoja mwenye siri, na si kila mchezo utampata mtu huyo.