Motokari inarudi kwa nani? Juu ya filimu "Hard NOx"

Wandugu, wengi wenu mlishaangalia "Hard NOx", sehemu ya kwanza ya Dirty Money, ile ya Alex Gibney iliyotoka Netflix mwezi wa kwanza 2018. Mimi niliiona kwa kuchelewa, kwenye telefone, umeme umekatika. Nasema mbele: ni filimu nzuri. Lakini inasimama pale ambapo kwetu hadithi njo inaanza.

Kwa wale ambao hawajaiona: Volkswagen iliuza Marekani motokari za mazuti ikisema ni safi. Kumbe ndani ya kompyuta ya injini kulikuwa programu inayojua wakati motokari inapimwa. Magurudumu yanazunguka, usukani haukati kona: basi tuko kwenye mashine ya kupimia, injini ijizuie. Ikitoka barabarani, inaachilia oksidi za azoti, mara zingine mpaka 40 zaidi ya kiasi cha sheria. Watafiti wachache wa West Virginia University walifunga vipimo nyuma ya motokari na kuiendesha kwenye barabara za kweli. Hesabu zikakataa kukubaliana na zile za karatasi. Tarehe 18 mwezi wa tisa 2015 serikali ya Marekani ikasema wazi, na hesabu ya dunia nzima ikafika motokari karibu milioni 11.

Hapo nilipiga mikono, peke yangu gizani. Sisi tuliofanya memwari na mizani moja ya kuazima tunajua maana ya chuo kidogo kushinda kampuni kubwa.

Gibney mwenyewe alikuwa mteja wa motokari hizo, na hasira yake inasikika. Inasaidia filimu, lakini pia inaifunga. Ni hasira ya mutu mwenye faktire. Anatafuta nani alidanganya, mkubwa gani alijua, na ile habari ya nyani waliofungiwa ndani wavute moshi (sehemu hiyo sikuweza kuiangalia mara ya pili). Motokari zenyewe zilienda wapi, filimu haina muda.

Mimi njo nilitaka kujua hilo. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani ilikubali mapatano: wenye motokari karibu 475,000 wangeweza kuzirudisha, na kampuni izinunue kwa bei ya kabla ya aibu, pamoja na nyongeza ya dola 5,100 mpaka 10,000. Sharti moja lilikuwa motokari ijiendeshe yenyewe kwa injini yake. Basi batu wakaanza kutoa vitu. Mmoja alitoa hata milango, mpaka jaji akakasirika. Huku Lubumbashi motokari ya namna ile njo inaanza kazi ya taxi.

Kwa mwaka 2018 kulikuwa karibu 300,000 zimepangwa kwenye viwanja 37. Tafuteni picha za Victorville, kule jangwani California: motokari nzima, safi, mistari na mistari, zinangoja kutengenezwa au kuvunjwa.

Sasa nilete yetu. Yaya wangu alinunua motokari ya mazuti, volan kuume. Ilipita Dar es Salaam, ikapita Zambia, ikaingia Kasumbalesa. Juma ya tatu taa ya injini ikawaka. Tulirudi kwa aliyemuuzia. Hakukasirika hata, alitupatia viti. Akasema: "Dogo, uliiangalia, uliiendesha, ulilipa. Sasa ni yako." Tukaenda kwa fundi. Fundi alifungua dashibodi, akatoa balbu. Taa haiwaki tena. Wajerumani waliandika programu nzima kwa kazi ambayo kwetu inamalizwa na bisibisi.

Mtaniambia: lakini hiyo ni okazyo, nani anarudisha okazyo? Tarehe 25 mwezi wa tano 2020 mahakama kuu ya Ujerumani, kule Karlsruhe, ilimpa haki mwenye Volkswagen Sharan kuirudisha kwa kampuni. Aliinunua 2014 kwa euro 31,490, na akarudishiwa zaidi kidogo ya 25,600, kwa kuwa walikata kilomita alizotembea. Na ilikuwa okazyo! Kwa hiyo kinachotutenga sisi si kwamba motokari ilishatumika. Yule alikuwa na mlango wa kugonga.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2020 inasema kati ya 2015 na 2018 Ulaya, Japani na Marekani waliuza nje motokari milioni 14 zilizotumika, na karibu asilimia 40 zilikuja Afrika. Ukaguzi wa Uholanzi kwenye bandari zake ulikuta nyingi hazina hata cheti halali cha usalama. Filimu inayolia juu ya moshi wa Los Angeles ingeweza kutupatia dakika 5 tu.

Kama agronomu, kuna kitu kinaniuma zaidi. Azoti sisi tunaitafuta na kuilipia, mfuko kwa mfuko, kwa ajili ya mahindi. Lakini ile ya moshi, jua likiipiga pamoja na mvuke wa esansi, inazaa ozoni hapa chini, na maharagwe hayapendi ozoni: majani yanapata rangi ya shaba, mavuno yanapungua. Mama anayelima kando ya barabara ya malori hajui Volkswagen ni nini. Kwa jani lake hakuna wa kulinunua tena.

Na tena: sehemu ya adhabu ilikuwa dola bilioni 2 kwa ajili ya motokari za umeme kule Marekani. Muzuri sana. Betri nyingi za motokari hizo zinataka kobalti, na kobalti nyingi ya dunia inatoka huku, Lualaba na Haut-Katanga. Malori yanayoibeba yanatumia mazuti.

Nilimwonyesha yaya filimu. Alinyamaza muda wote. Nilipomwelezea ile nyongeza ya dola 10,000, alisimamisha telefone, akaniuliza kama wale wanapokea na za volan kuume.