Pongezi kwa Mama wa Nganda, Baraka

Msafiri aingiaye Baraka kwa njia ya Uvira, akalipita soko hata akafika ufukweni mwa Tanganyika, ataziona nganda za wavuvi, vibanda vya pombe vya mbao na bati vyenye benchi ndefu na meza iliyolainishwa na viwiko, ambavyo mimi naviheshimu kuliko hoteli yoyote.

Aghalabu mwenye nganda ni mwanamke, na kazi yake ni elimu kamili: ndizi huzifukia shimoni hata ziive, akazikamua kwa majani, akatia unga wa mtama uliokaangwa, kisha akasubiri kwa utulivu, kwani kasiksi, pombe hiyo ya ndizi, ikiharakishwa huumiza tumbo, naye hayuko radhi jina lake lichafuke. Kando ya bidoni zake husimama chupa za Primus, bia iliyoanza kupikwa Leopoldville mwaka 1926, na juu ya makaa hulala samaki wa mikeke waliopasuliwa, mafuta yakidondoka motoni, pilipili na ndimu tayari sahanini.

Kalenda yake ni mwezi. Usiku wa giza wavuvi wako majini na taa zao, wakiwavuta dagaa waitwao ndagala. Mbalamwezi ikitawala mitumbwi hupumzika, nganda hujaa, madeni ya nyavu hulipwa, na mgomvi huambiwa kwa upole, “Papa, ikala kwanza,” naye huketi.

Vita vya Kongo vya 1996 na 1998 viliwatawanya watu wa Fizi, eneo lenye mji huu wa Baraka, hata Kigoma na kambi ya Nyarugusu. Nao waliporejeshwa kwa meli, kuanzia mwaka 2005, akina mama hawa walistahiki kutajwa kwa taadhima miongoni mwa walioujenga mji upya.