Filamu za Afrika hazina mtindo mmoja

Wanafunzi wa fasihi huulizwa aghalabu: "Taja sifa za filamu ya Kiafrika." Majibu nayo hukaririwa kama sala: mwendo wa polepole, kijiji, mzee msimulizi, ngoma. Hebu tulipime swali lenyewe kwa filamu nne za 1975 na 1976.

Xala (1975) ya Ousmane Sembène wa Senegal, iliyotokana na riwaya yake mwenyewe, ni tashtiti kali ya mjini. El Hadji, tajiri wa Dakar, anaoa mke wa tatu, kisha nguvu za kiume zinamtoka! Akimsemesha bintiye Rama kwa Kifaransa, binti humjibu kwa Kiwolofu. Lugha hapa ni silaha.

Mwaka uo huo, nchi iyo hiyo, Safi Faye alitoa Kaddu Beykat. Picha ni nyeusi na nyeupe, waigizaji ni wanakijiji wenyewe, na kisa kinasimuliwa kama barua. Wanazungumzia karanga, zao linalochosha ardhi bila kuwashibisha. Huwezi kusema uhalisia unaishia wapi na ubunifu unaanzia wapi.

Mohammed Lakhdar-Hamina wa Algeria yeye alichagua utendi: rangi, umati, jangwa pana, historia ya 1939 hadi 1954. Chronique des années de braise ilimtunukia Palme d'Or kule Cannes mwaka wa 1975. Naye Haile Gerima wa Ethiopia, katika Harvest: 3,000 Years (1976), aliirudia picha isiyo na rangi. Kamera yake hutulia kitambo kirefu ikiwatazama wakulima wanaomtumikia kabaila, nao wanazungumza Kiamhari.

Je, orodha ile ya darasani inazitosha zote? Wapi! Wote wanne wanamtetea mnyonge, lakini kila ndege huruka na ubawa wake. Kwangu mimi Faye ndiye aliyefika mbali zaidi. Fahari ya Lakhdar-Hamina wakati mwingine humfunika mkulima anayemtetea. Faye anampisha aseme mwenyewe, na ndiyo maana ya jina la filamu yake: sauti ya mkulima.

Basi walimu wenzangu, tuliulize swali upya: nani anasema katika filamu hii, anamwambia nani, na kwa lugha gani? Mwanafunzi atakayejibu hayo atalazimika kuitazama filamu kwanza. Orodha haimdai hata hilo.